Matanga ya Mtu Aliye Hai

Jumapili, 6 Mei 2018. Malvern

Kelly amesema tuandike. Kila mtu aliyemo kwenye filamu yake aandike siku zake mpaka filamu itakapoonyeshwa. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mshonaji, mchana kutwa nina pini mdomoni, nitaandika saa ngapi? Akasema, "Mama Glody, hata mstari mmoja." Haya, mstari wenyewe ndio huu, na mingine imeufuata.

Kelly ni binti wa Kirundi aliyekulia hapa Johannesburg, anasomea filamu kule Braamfontein. Anatengeneza filamu juu ya Kongo yetu ilivyokatwa vipande wakati wa vita, na ilivyounganishwa tena mwaka 2003. Anataka watu waliokuwa pande zote mbili. Mimi nilikuwa Kalemie, upande wa waasi. Wa upande wa serikali atajitafutia mwenyewe, mimi huko simjui mtu.

Uongo. Namjua mmoja, anakaa Rosettenville, jiji hilihili, na ni mdogo wangu wa tumbo moja. Anaitwa Marcellin. Hatusemeshani tangu Baba afariki, yapata miaka kumi.

Mama amepiga simu kutoka Kalemie, kama kila Jumapili. Ameuliza kama nimeshakata kile kitenge cha njano chenye ndege. Nikasema bado. Akasema, "Sawa, mama," akanisalimia wajukuu. Kitenge kiko kabatini. Mama bado amevaa nguo nyeusi ya matanga, na mtu wa matanga hakatiwi nguo ya rangi.

Jumatano, 9 Mei

Baridi imeingia. Zipu za majaketi tangu asubuhi hadi jioni. Sina la kuandika.

Jumamosi, 19 Mei

Kelly alitukusanya chuoni, sisi wa filamu yake, na mwalimu wake akatuonyesha filamu ya Wajerumani. Ukuta, watu juu ya ukuta, nyundo, watu wasiojuana wanakumbatiana wakilia. Nikalia na mimi, nani asingelia? Taa zilipowashwa mwalimu akauliza, "Na ninyi, mpaka wenu ulikuwa wapi?"

Mzee mmoja wa Kisangani akasema mpaka ulikuwa pale askari walipobadilika sare. Mimi nikasema kwetu mpaka ulikuwa simu. Ukipiga Lubumbashi kutoka Kalemie, haiiti. Barua haziendi, treni haitembei, reli imeota nyasi. Hatukuwa na ukuta wa kupanda juu yake tukapigwa picha.

"Na kuungana kulikuwaje?" akauliza.

Nikamwambia wakubwa waligawana viti Kinshasa, rais mmoja na makamu wanne, na redio ikapiga muziki. Watu wakacheka. Mimi sikucheka sana, maana kwetu nyumbani taabu ilikuwa kiti vilevile, kiti kimoja na watu wawili. Hilo sikulisema mbele ya wageni.

Jumamosi, 2 Juni

Nimelisema leo, tena mbele ya kamera.

Kelly alikuja dukani kwangu Jules Street, akaomba nizime cherehani kwa sababu ya kelele. Nikamwambia nikiizima maneno hayatoki. Tukapatana niwe nashona kwa mkono, kupindia tu.

Nilimweleza hivi. Baba yetu, Damien, alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa pale stesheni ya Kalemie. Vita vilipotukata, Baba, Mama na mimi tulikuwa Kalemie. Marcellin alikuwa Lubumbashi, anasoma, anakaa kwa baba wadogo. Mwaka 2000 habari ikafika kule kwamba Baba ameuawa. Nani aliipeleka, hakuna ajuaye. Mkimbizi alimwambia mkimbizi mwenzake. Kuuliza hawawezi, simu haiiti. Basi wakaweka matanga, wakalia, wakanyoa. Matanga yalipokwisha wakafuata desturi yetu: nafasi ya marehemu haiachwi wazi, lazima mtu akalishwe mahali pake. Sisi tunasema kupyana. Wakamketisha Marcellin kwenye mkeka, wakamnywesha maji, wakamvika mkanda. Tangu hapo yeye ndiye Baba Damien. Kijana hata ndevu hajaota, na wazee wanampigia makofi, wanamwita Baba.

Na wakati huohuo Baba yuko Kalemie, anakula samaki wa mikebuka na sisi na kukoroma!

Nchi ikaunganishwa. Treni zilipoanza tena kutembea, Baba akapanda bila kumtumia mtu salamu, anataka kuwashtua. Akawashtua kwelikweli. Shangazi alipomwona mlangoni aliruka dirisha akakimbia. Kelly alicheka mpaka kamera ikatikisika, na mimi nikacheka.

Kisha nikamweleza sehemu isiyochekesha. Aliyekwisha kukalishwa haondolewi. Hakuna desturi ya kumwondoa mtu kitini eti mwenye kiti amerudi, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi. Baba akarejea kwetu Kalemie, hai, na nafasi yake ina mtu. Mwaka 2008 akafa kweli, mikononi mwangu. Nikampigia Marcellin. Akasema, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "mimi siwezi kumlilia mara mbili." Akataka kuendelea, nikakata simu. Hakuja. Baba akaingia kaburini bila mtoto wake wa kiume, na wazee wakakataa kumkalisha mwingine.

Sasa Mama. Kwetu mjane hatolewi kwenye nguo nyeusi ila na yule aliyekaa mahali pa mumewe. Huyo humpaka unga mweupe usoni na kumwambia, toka. Lakini haendi bila kuitwa. Lazima mtoto wa kwanza amfuate, apige magoti, apige makofi, amwite Baba. Mtoto wa kwanza ni mimi. Nimwite Baba yule? Abadani!

Kelly akauliza, "Na Mama yako, anasemaje?"

Nikamwambia mteja wangu amefika. Hakukuwa na mteja.

Kuna kitu kimoja sikumwambia, nakiandika hapa tu. Baba alikuwa na neno lake. Kichwa cha treni kikirudi nyuma kinagonga behewa mara moja, vyuma vinashikana, naye anainua mkono juu: "Imeshika, acha!" Neno hilo alikuja nalo mpaka nyumbani. Ukifunga mlango kisha ukausukuma tena, imeshika, acha. Ukimwomba msamaha mara ya pili, imeshika, acha. Tulikuwa tunamwiga nyuma ya nyumba na kufa kwa kicheko.

Jumapili, 3 Juni

Mume wangu Gaston ametoka zamu ya ulinzi, akanikuta najitazama kwenye kioo. "Haya, mcheza sinema. Na chai tutapikiwa na nani?" Nikamwonyesha birika lilipo.

Jumamosi, 16 Juni

Sikukuu, duka nimelifungua hivyohivyo. Kelly akaja hana kamera, anazungukazunguka, anagusa vitambaa. Nikajua kuna jambo.

"Mama Glody, nimempata mtu wa upande wa Lubumbashi."

"Vizuri."

"Anaitwa Marcellin."

Nilikuwa na pini mdomoni, kidogo niimeze. Nikamwambia ameniuza. Nimempa siri ya nyumba yangu, naye amekwenda nayo moja kwa moja Rosettenville! Masikini, akaanza kulia. Akasema hakumtafuta. Marcellin alisikia kanisani kwao kwamba kuna filamu, akaja mwenyewe, na yeye Kelly hakujua ni ndugu yangu mpaka alipotaja mkanda.

"Amesema nini?"

"Utamsikia. Si wewe utakayenisaidia kutafsiri?"

"Sitafsiri maneno ya mtu yule."

Nikampa chai. Kosa si lake. Lakini nina hasira mpaka sasa ninapoandika.

Jumatatu, 18 Juni

Umeme umekatika. Nimeshona vifungo dirishani.

Jumamosi, 30 Juni

Nimeandika ukurasa wangu wa filamu, nikausoma kwenye maikrofoni ya Kelly. Ninaunakili hapa mwisho wake: "Wakubwa walitia sahihi, tukaambiwa sisi ni nchi moja. Lakini mdogo wangu alikalia kiti cha mtu aliye hai, na mwenye kiti alipokufa hakuja hata kumtupia udongo. Mimi niko Malvern, yeye yuko Rosettenville. Nchi imeungana, sisi bado." Kelly akasema ni maandishi ya kitabu kabisa. Nilijisikia mwandishi, sitaficha.

Jioni nilimsikilizisha binti yangu Glody kwenye simu. Kiswahili anakisikia vizuri, kukisema hataki. "Eish, Mama," akasema, halafu kwa Kiingereza chake akaniambia ninaongea kama mtu anayegombana na maiti. Nikamwambia akaoshe vyombo.

Jumapili, 8 Julai

Mama hakupiga. Nimepiga mimi mara nyingi, mwishowe jirani akapokea. Mama ana kifua, amelala tangu Jumatano. Wakampa simu. Sauti ilikuwa ndogo, nikaibana simu sikioni.

"Arlène, nikifa na nguo hii nitamkuta baba yako mimi bado ni mjane wake. Atanicheka."

"Hufi, Mama."

"Kila mtu anakufa. Baba yako alikufa mara mbili."

Akacheka, kikohozi kikamshika. Sikuweza kula chakula cha mchana.

Jumamosi, 21 Julai

Nimekwenda Braamfontein. Kelly hakunibembeleza. Alisema tu hana mtu mwingine wa kumsaidia, maana Kiswahili chake ni cha Bujumbura na maneno mengine ya kwetu yanampita. Chumba kidogo, hita miguuni, picha kwenye kompyuta.

Marcellin ana mvi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Amekaa kwenye kochi lake Rosettenville, tumbo limemtoka, na amekuwa Baba kabisa, paji la uso, masikio, kila kitu. Nikamwambia Kelly asimamishe kidogo, nikanywa maji.

Akaendelea. Alieleza matanga ya 2000 na mkanda, kama nilivyoeleza mimi. Alieleza shangazi na dirisha, Kelly anasikika akicheka nyuma ya kamera. Halafu akasema kitu ambacho sijapata kukisikia. Mwaka mmoja kabla hajafa, Baba alikwenda Lubumbashi kutibiwa, akamwita pembeni. Nayaandika maneno ya Marcellin kama alivyoyasema:

"Baba aliniambia, 'Mwanangu, watu hufa bila kujua walililiwa vipi. Mimi nimejua. Wadogo zangu wamenieleza ulivyolala chini, ulivyokataa kula. Nimekwisha kufa kwako, imetosha. Nitakapokufa tena, usije. Ukija ukalia upya watasema yale ya kwanza yalikuwa mchezo, watakuvua mkanda, wataanza kugombana nani akae. Na mama yako nani atamtoa?' Nikamwambia, Baba, yaya Arlène atanichukia. Akasema, 'Huyo atalia, atapoa.' Halafu akaniambia, 'Imeshika, acha.'"

Na Marcellin akainua mkono juu, kiganja wazi, kama Baba stesheni.

Kelly akasimamisha picha. "Hapo ndipo sielewi. Imeshika nini? Niandike nini chini ya picha?"

Nilijifunika uso kwa kitambaa changu cha kichwa, nikalia kwa sauti kama niko msibani, mpaka mtu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini. Neno lile hakuna aliyemkumbusha Marcellin. Kelly sikumwambia. Kwa miaka kumi sijalitamka mbele ya mtu yeyote.

Mwishoni Kelly alimwuliza kwa nini hakunieleza. Marcellin akasema, "Nilianza kumweleza. Akakata simu. Nikapiga tena, hakupokea. Yaya yangu unamjua?" Akatabasamu. Kelly hapo alinitazama, kisha akatazama kompyuta haraka.

Jumapili, 22 Julai

Sikwenda kanisani.

Jumapili, 29 Julai

Mama amepata nafuu, anakaa nje kuota jua. Nimemwuliza: Baba alipokwenda Lubumbashi kutibiwa, alimwona Marcellin?

"Alimwona. Aliporudi nilimwuliza, umemwona mtoto? Akasema, nimemwona, imeshika. Nikadhani anasema mambo yake ya treni."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unataka kuambiwa?"

Nimemweleza Gaston yote. Alikuwa anakata kucha, hakuinua hata kichwa. "Basi nenda."

"Kirahisi hivyo?"

"Ni Rosettenville, mke wangu, si Ujerumani."

Jumamosi, 4 Agosti

Nilimwomba Kelly autoe ukurasa wangu kwenye filamu. Haiwezekani, filamu imeshafungwa na kupelekwa kwa walimu wake, na sauti yangu ndiyo mwisho wake. "Ndivyo ulivyokuwa siku ile, Mama Glody. Hukusema uongo." Akaniuliza kama nitakwenda kwa ndugu yangu. Nikasema huenda. Macho yake yakawaka, akauliza kama anaweza kuja na kamera, hata ndogo, atakaa pembeni.

Nikamwambia hapana. Akanywea, lakini akasema sharp, yaani sawa.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimekwenda. Gaston alinisindikiza mpaka getini kwa Marcellin, akasema atanisubiri kwenye spaza, kile kiduka cha kona, akaondoka mbio kabla sijabadili mawazo.

Mlango aliufungua Marcellin mwenyewe, kavaa soksi na koti la nyumbani.

"Yaya," akasema.

Nikasema, "Nyumba yako ina baridi."

"Hita imekufa."

"Hita zote za siku hizi ni takataka."

Akanipeleka sebuleni, lile kochi la kwenye filamu. Mkewe alikuwa kazini. Akaleta chai, akaimwaga nusu kwenye sahani. Tukaongea habari ya kifua cha Mama, tukaongea habari ya baridi, tukarudia baridi. Kumbe nilikuwa naogopa. Miaka yote nikijiambia ni hasira.

Nikaweka kikombe chini. Nikashuka kwenye kochi, nikapiga magoti juu ya zulia, na goti la kulia likalia ko! Nikapiga makofi kama tunavyofanya kwetu, taratibu, viganja vimejikunja.

"Baba," nikasema. "Baba Damien. Mama amekaa sana kwenye nguo nyeusi. Nimekuja kukuita."

Marcellin aliziba mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka, mtu mzima na tumbo lake. "Yaya, inuka, utaumia magoti."

"Nyamaza! Baba hasemi hivyo. Jibu kama Baba."

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. Akakaa wima. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Nitakwenda." Halafu akashuka na yeye kutoka kwenye kochi, desturi ikaishia hapo, tukalia wote wawili kwenye zulia, na mimi nilimpiga ngumi begani kwa ajili ya miaka kumi, nikampiga tena. Nilitaka kumwomba msamaha nikaanza, akainua mkono. Nikajua atakachosema. Nikamwambia asiseme, na hakusema.

Nilipotoka, Gaston alikuwa amemaliza maandazi ya magwinya yote ya mwenye spaza.

Jumapili, 12 Agosti

Nimetoa kitenge cha njano kabatini. Vipimo vya Mama ninavyo kichwani tangu nilipomshonea mara ya mwisho, akiwa bado mama mnene, mwenye mwili wake. Nimekata bila kupima upya. Dirisha wazi, jua zuri, na mkasi ulipita vizuri kwenye kitambaa.

Jumanne, 21 Agosti

Marcellin ameondoka leo, na nguo ya Mama imo kwenye begi lake. Mkanda amejifunga mwenyewe chini ya shati. Pale kanisani kwao walimwuliza anakwenda kufanya nini, akawaambia anakwenda kumwona mama yake.

Jumamosi, 1 Septemba

Filamu imeonyeshwa Braamfontein. Ukumbi ulijaa, Warundi, Wakongo, Watanzania, wanafunzi wa kila rangi. Nilivaa vizuri. Glody alikaa kando yangu, na mkono wangu aliushika tangu mwanzo bila kuambiwa.

Mwishoni picha inagawanyika mara mbili. Mimi na sindano yangu kulia, Marcellin na kochi lake kushoto, mstari mweusi katikati, na sauti yangu juu: nchi imeungana, sisi bado. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Sauti yenyewe niliisikia kama ya mwanamke mwingine, jirani mwenye maneno makali ambaye ningemwonea huruma.

Kwenye maswali, mwanafunzi mmoja akanyanyuka. "Huyu mama na ndugu yake, mpaka leo hawajapatana?" Ukumbi mzima ukanigeukia. Kelly akanitazama kutoka jukwaani. Anajua. Angeweza kusema yeye.

Nikasimama. Nikasema filamu imeeleza vizuri mambo ya mwezi wa sita, na kwamba ndugu yangu hayupo leo kwa kuwa amesafiri. Nikakaa. Marcellin alikuwa bado njiani, hajamfikia Mama, na kitu kikiwa hakijamfikia mwenyewe huwezi kukigawa ukumbini.

Jumapili, 9 Septemba

Mvua bado. Vumbi la Jules Street limeingia mpaka kwenye nyuzi.

Simu imelia picha ikiingia, nikiwa nakaanga vitunguu. Imetoka kwa Marcellin. Mama amesimama mlangoni kwake Kalemie, jua linampiga. Kichwa kimenyolewa, paji la uso na mashavu vina unga mweupe, na amevaa kitenge cha njano chenye ndege. Anacheka, meno hana. Nyuma yake Marcellin amesimama, mkanda juu ya shati, uso umevimba kwa kulia.

Gaston akaja kutazama. Glody akaja. Kila mtu akasema kitu. Mimi nilikuwa naitazama nguo. Mikono imepita vidole vyake, mabega yameanguka, kiunoni pangeingia mtu wa pili. Nilimkata Mama wa miaka kumi iliyopita.

Nimempigia. Nikamwambia, Mama, nisamehe, nguo ni kubwa, nitaitafutia mtu wa kuileta niipunguze.

"Iache," akasema. "Nimeshaivaa."